Profesa Anayelinda Ndoo

Saa mbili asubuhi, profesa wa sayansi ya ubongo ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo, mgongo umeelekea ndani, magoti yako nje ushorobani. Anasahihisha mitihani. Mapajani ameweka ubao wa kukatia mboga aliotoka nao nyumbani, na huo ndio meza yake. Kila anayepita inabidi apinde kiuno kumkwepa.

"Pita tu," anamwambia mhudumu wa usafi anayekuja na deki yake. "Ila hiyo ndoo yako usiiache hapa. Wataibeba pamoja na zangu."

Mwandishi wa makala haya hakuja kwa ajili ya kiti cha plastiki. Mhariri alitaka habari ya ushindi. Mwaka jana gazeti hili hili lilichapisha picha ya profesa huyu, anatabasamu kwa shida kama mtu aliyelazimishwa na mpigapicha, na chini yake tukaandika kwamba amegundua jambo kubwa: ugonjwa wa kusahau, ule unaowapata wazee wakawa hawawajui wanao, huanza kuushambulia ubongo upande wa kushoto. Wasomaji walimiminika kwa pongezi. Safari hii tulitaka kujua amefika wapi.

"Nimefika stoo," anasema, bila kuinua kichwa.

Stoo yenyewe haina dirisha. Ina rafu za chuma pande tatu, na juu ya rafu zimepangwa ndoo nyeupe zenye vifuniko, za aina ile ile inayouziwa rangi ya ukutani. Kila ndoo ina namba, haina jina. Ndani ya kila ndoo mna ubongo wa binadamu, umening'inizwa kwa uzi ndani ya dawa ya kuhifadhia ili usikalie kitako ukabonyea. Dawa hiyo ina harufu inayoingia puani, ikashuka kooni, ikatokea machoni. Profesa haisikii tena. Mumewe anaisikia kwenye foronya.

Ndoo zilikuwa sitini na tatu. Leo ni hamsini na nne. Hizo tisa zilizopungua ndizo zilizomtoa ofisini kwake zikamweka mlangoni.

Ili kuelewa msomi mwenye miaka karibu thelathini ya kufundisha amegeukaje bawabu, msomaji itabidi avumilie somo fupi. Mwandishi naye alilivumilia, tena akiwa amesimama.

Ubongo uliokaa kwenye dawa huwa mgumu, kama sabuni ya kufulia. Sehemu yake inayohusika na kumbukumbu hukatwa, halafu ikaparuliwa vipande vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Vipande hivyo huelea kwenye bakuli la maji, na kila kimoja huopolewa kwa brashi laini na kulazwa juu ya kioo. Shida iko hapo kwenye bakuli. Kipande kikielea, kinaweza kugeuka. Kushoto kukawa kulia, kulia kukawa kushoto, na hakuna macho yatakayojua, yawe ya mwanafunzi au ya profesa.

Kwa hiyo kabla ya kukata, huchanjwa chale moja nyembamba ubavuni mwa ubongo, kutoka mbele hadi nyuma, kama mshono wa ubavuni mwa suruali. Kipande kikigeuka namna gani, chale inakwambia upande. Kila maabara ina upande wake wa kuchanja. Hakuna sheria yoyote, ni mazoea tu.

"Na mazoea ndiyo yaliyotuponza," anasema profesa.

Yeye huchanja kushoto. Ndivyo alivyofundishwa ughaibuni na mwalimu wake, aliyekuwa akisema kushoto ni upande wa moyo, huwezi kuusahau. Miaka minne iliyopita fundi sanifu wa maabara alistaafu, akaja mwingine, mtu wa makamo mwenye mkono mwepesi ambaye wote chuoni wanamwita Wembe. Wembe alijifunzia kazi katika chumba cha maiti cha hospitali. Huko walichanja kulia. Naye alifundishwa kwamba kulia ni mkono wa kazi, huwezi kuusahau.

Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Mwaka huu, asubuhi moja, kikao cha profesa kiliahirishwa kwa sababu akidi haikutimia, akaingia maabara bila kutarajiwa. Akamkuta Wembe ameinama juu ya ubongo, kisu mkononi.

"Unachanja wapi hapo?" alimwuliza.

"Upande wa alama, Prof."

"Upande upi?"

"Kulia. Kwani kuna mwingine?"

Profesa alikaa chini. Wembe akadhani ni presha, akakimbilia maji. Aliporudi akaulizwa ameanza lini kuchanja kulia, akajibu tangu siku ya kwanza. Kisha, anasema profesa, wakageuka wote wawili wakatazama rafu zilizojaa vioo.

Jamani, miaka minne! Watu hawa wamekunywa chai meza moja kila siku ya kazi. Wamegombana kuhusu feni, kuhusu aliyemaliza sukari, kuhusu mpira wa miguu mpaka wakanuniana. Habari ya chale hawakuigusa hata kidogo, maana kila mmoja aliona si jambo la kuulizana. "Ni kama kumwuliza mtu mzima kama anavaa viatu miguuni," anasema Wembe, ambaye tangu siku ile amepungua uzito na hataki kutaniwa.

Nani alichanja ubongo upi, haikuandikwa popote. Waliandika tarehe, umri wa marehemu na uzito. Nyingine alichanja profesa, nyingine Wembe, na Wembe alichanja nyingi zaidi.

"Kwa sababu mimi nilikuwa vikaoni," anaeleza profesa, na hapa sauti yake inapanda kidogo. "Niliwekwa kwenye kamati ya kupunguza vikao. Ilikutana kila wiki."

Sasa basi, vioo vyenyewe havisemi. Ila ubongo haukatwi wote. Vipande vya mbele na vya nyuma hurudishwa kwenye ndoo, vikiwa bado na chale. Kipande cha mbele ni kinene, kina juu yake na chini yake na paji lake, huwezi kukigeuza kikakudanganya. Ukikishika mkononi unajua kushoto ni wapi, na unaona chale iko upande gani. Kwa maneno mengine, ukweli wote wa kazi ya profesa umo ndani ya ndoo. Ndoo zikikaa, atajua. Zikitupwa, hatajua maishani.

Kabla hata hajafungua kifuniko cha kwanza, aliliandikia jarida lililokubali utafiti wake akaomba wauondoe. Mkuu wa Kitivo hakufurahi. Mkuu huyo alikataa kuzungumza na gazeti hili, kisha akazungumza nusu saa. Alisema sayansi hujirekebisha yenyewe polepole, haraka ya nini. Alisema wakaguzi wa ubora wanakuja mwisho wa mwezi, na ule ugunduzi ndio uliochapwa kwenye bango la getini, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna mtu angejua.

Tulipomrudishia profesa maneno hayo alivua miwani. "Mimi najua. Wembe anajua. Na sasa wewe unajua, na wewe kazi yako ni kusema."

Hasira ya mama huyu si ya jana. Ilianza akiwa na miaka tisa, nyumbani kwao, nyumba ya vyumba viwili ambayo kimoja kilikuwa karakana ya redio. Baba yake alikuwa fundi. Yeye kazi yake ilikuwa kushika skrubu kiganjani na kutozidondosha. Bibi yake, mzaa baba, alianza kusahau. Kila jioni alikuwa akifunga kibwebwe, anakusanya nguo zake kwenye mfuko na kuomba arudishwe kwao, naye yuko kwao, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Binti huyo alikuwa akimshika mkono, anamzungusha nje ya nyumba, anamwingiza kwa mlango wa uani na kumwambia wamefika. Bibi alimshukuru sana na kuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Siku moja bibi alipelekwa zahanati, na mjukuu akamwuliza tabibu ugonjwa huo uko sehemu gani ya kichwa. Tabibu akasema ni uzee.

"Nilichukia kweli kweli," anasema. "Uzee si jibu. Mteja akimletea baba redio imekufa, baba akamwambia ni uzee, si angechekwa mtaa mzima? Redio ina waya umekatika mahali. Nikasema huo waya nitautafuta mimi."

Akautafuta. Alisomea udaktari, akaenda ng'ambo kusomea ubongo, akarudi na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu na visu. Chuo kilimpa maabara iliyokuwa zamani jiko la kantini. Mpaka leo ukutani kuna alama ya masizi. Aliomba hadubini. Baada ya miaka sita akaletewa projekta. Alipouliza, akaambiwa zote si zina lenzi. Glovu ananunua mwenyewe mpaka kesho.

Mtaani kwake ni Mama Vichwa. Wanamletea vijana waliofeli hesabu awatazame. Jirani mmoja alitaka kujua kama kiburi cha mkwe wake kina dawa. Bwana mwingine, mtu mzima na heshima zake, alimfuata pembeni akiulizia kidonge cha kumsahaulisha mkewe jambo fulani aliloliona wiki iliyopita. "Nikamwambia hicho kingekuwepo nisingekuwa naenda kazini kwa miguu."

Lakini kazi iliyomzeesha ni kuomba. Hakuna duka linalouza bongo. Lazima uende kwenye familia ambayo ndiyo kwanza imefiwa, ukae chini na wenzako, unyamaze kama wanavyonyamaza, halafu useme ulichokuja kusema. Amefukuzwa kwa ufagio. Ameitwa mchawi. Waliokubali hawakutaka zawadi wala cheti. Karibu wote walimpa sharti moja: ukijua kilichokuwa kinamsumbua mzee wetu, rudi utuambie.

Naye alirudi. Nyumba hadi nyumba, kwa miguu yake, mwaka jana baada ya utafiti kukubaliwa. Akakaa kwenye makochi yao akawaambia kwa uhakika wote: kushoto.

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi," anasema. "Jarida litaondoa ukurasa, basi. Zile nyumba nitaziondoa wapi?"

Mumewe, mwalimu mstaafu wa jiografia, alipohadithiwa mkasa wa chale alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Yeye humwita mkewe Mama Pacha, na pacha ndio waliomchekesha. Walipozaliwa mabinti zao, profesa alimfunga aliyetangulia uzi mwekundu mkononi ili ajulikane. Mama mkwe alikuja kusaidia malezi. Kwao uzi hufungwa mdogo. Uzi ulipolegea wakati wa kuoga, siku moja bibi aliufunga kama anavyojua yeye, siku nyingine mama kama anavyojua yeye, na walikuja kuulizana miezi imeshapita.

"Mpaka leo hatujui dada ni nani," anasema mume, akijifuta machozi. "Wana miaka ishirini na sita, kila mmoja anataka shikamoo ya mwenzake. Halafu mtu huyo huyo anakwenda kurudia kosa lile lile kazini."

"Hilo usiliandike," alisema profesa. Tumeliandika.

Turudi kwenye ndoo. Wakaguzi wanakuja, chuo kinataka kuwaonyesha mahali panapoitwa Kona ya Ubunifu, na mahali hapo hapapo. Uongozi ukatafuta chumba kisichotumika. Mkuu wa Majengo, mtu mnene mpole anayevaa kitita cha funguo kiunoni hata anaposwali na ambaye kwa sababu hiyo anaitwa Bwana Funguo, aliandikiwa aondoe taka za zamani katika stoo ile. Jumamosi moja vibarua wake wakaanza na rafu ya karibu na mlango. Ndoo tisa zikapakiwa, zikapelekwa kwenye tanuru la kuchomea taka za hospitali.

Jumatatu profesa alikuta rafu tupu na duara tisa kwenye vumbi. Aliuliza ndoo ziko wapi, akajibiwa zimeshughulikiwa. Akauliza zimeshughulikiwaje. Alipoelezwa, anasema Wembe, hakulia wala hakufoka; alikwenda kantini, akanyanyua kiti cha plastiki kilichokuwa kimekaliwa na mtu, akaja nacho mpaka hapa.

Wiki nzima sasa, na hajafungua hata ndoo moja, maana ndoo hufunguliwa maabara penye madirisha, na akienda huko mlango utabaki bila mlinzi. Chakula analetewa na Wembe. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanafundishwa wakiwa wamejipanga ushorobani, wa mwisho yuko kwenye ngazi na hasikii kitu. Barua nne za kuomba stoo iachwe amekwisha kuandika, na zote zimejibiwa kwamba zimepokelewa.

Saa nne na robo, Bwana Funguo anatokea. Nyuma yake kuna vibarua wawili na mkokoteni ambao gurudumu moja linalia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Naomba nafasi, Profesa."

Profesa hasogei. Bwana Funguo anatoa karatasi na kuisoma kwa sauti, kwa aibu, kama mtoto aliyetumwa na wakubwa. Si mtu mbaya. Ni mtu wa maagizo, na agizo limesema taka. Anaeleza kwamba na yeye ana mkubwa wake. Profesa anamsikiliza mpaka mwisho, anaweka mitihani sakafuni, anasimama. Anampa glovu.

"Funua moja," anamwambia. "Yoyote. Ukiona ni taka, beba zote, na mimi nitakusaidia kusukuma."

Bwana Funguo hataki, na uso wake unasema hivyo. Lakini vibarua wanamtazama. Anavaa glovu, anachagua ndoo ya rafu ya chini, anafunua. Anainama. Uzi, dawa, na kile kipande cha mbele kikiwa kimetulia, na mikunjo yake yote.

"Huyu ni mtu?" anauliza.

"Ni mtu. Alikuwa kondakta wa treni. Binti zake walinikabidhi wenyewe."

"Na zile tisa?"

"Zile nazo."

Bwana Funguo anarudisha kifuniko taratibu, anakibonyeza pande zote mpaka kikalie vizuri. Anavua kofia. Anasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba yeye aliandikiwa taka. Halafu anaomba kalamu. Anaegemeza karatasi ukutani na kuandika chini ya agizo, kwa mwandiko wa polepole, kwamba halitekelezeki: zilizomo humu si taka, ni marehemu, na yeye hana mamlaka ya kuhamisha marehemu bila ndugu zao. Anasaini. Kisha anachomoa ufunguo mmoja kutoka kwenye kitita kile, kazi iliyochukua muda maana pete ilikuwa imekaza, na kumpa profesa mkononi.

Vibarua waligeuza mkokoteni. Gurudumu lilisikika likilia mpaka nje.

"Barua nne," alisema profesa, akiutazama ufunguo. "Nimeandika sampuli, nimeandika vielelezo, nimeandika hazina ya kisayansi. Kumbe neno lenyewe lilikuwa marehemu."

Kazi ya kufungua ndoo ilianza mchana ule ule. Mwandishi alirudi mara kadhaa, na kila aliporudi alikabidhiwa glovu na kuambiwa ashike vifuniko. Profesa anatoa kipande cha mbele, anakielekeza kama kilivyokuwa kichwani, anaandika upande. Wembe anakitazama naye, bila kuambiwa jibu la mwenzake, anasema wa kwake. Baada ya miaka minne ya kutoulizana, sasa wanaulizana mpaka inachosha. Mara moja waliulizana kama leo ni Jumanne.

Ndoo zote hamsini na nne zimesema. Nyingi zilikuwa na chale kulia, mkono wa Wembe. Vioo viliporekebishwa, ule ugunduzi mkubwa haukufa. Umegeuka. Ugonjwa unaonekana kuanza upande wa kulia.

Mwandishi aliuliza kama basi hilo si jema, maana kumbe aligundua kitu cha kweli.

"Ukimwelekeza mgeni kwako ukamwambia akunje kushoto badala ya kulia, nyumba yako ipo, hujakosea," alijibu. "Lakini mgeni hajafika, na mvua imemnyea."

Mkuu wa Kitivo alifurahi kuliko wote. Kabla hesabu hazijarudiwa mara ya pili, fundi wa mabango alishabandika neno KULIA juu ya neno KUSHOTO pale getini. Limebandikwa upande, na ukipita karibu la zamani linachungulia. Wakaguzi walipiga picha mbele yake.

Maabara nayo imeamua upande mmoja, baada ya mabishano ya siku tatu: kushoto. Wembe ameandika neno hilo kwa rangi nyekundu juu ya beseni la kunawia, kwa shingo upande. Profesa, anayestaafu mwisho wa mwaka, ameshaiambia familia kwamba ubongo wake mwenyewe utakaa kwenye rafu ile, na Wembe ndiye atakayeuchanja. Wembe anasema siku hiyo atachanja pande zote mbili, aone nani atamgombeza.

Zimebaki zile tisa. Kwa wale hakuna kipande wala chale. Vioo vyao vipo, upande wao haupo tena. Profesa ameanza kuzizungukia nyumba zao, na alimruhusu mwandishi amfuate kwenye ya kwanza, kwa masharti kwamba akae karibu na mlango na asiulize kitu.

Mwenye nyumba ni mjane, mshonaji wa mashuka ya hospitali. Cherehani iko katikati ya chumba na mashuka meupe yamejaa mpaka kitandani. Mumewe aliacha kusema miaka miwili kabla ya kufa. Kimya kile kilianza siku chache baada ya ugomvi wao mkubwa, na mjane huyu aliishi akiamini kwamba mume wake amemnunia, amekataa kumsamehe, na amekwenda na kinyongo chake kaburini. Mwaka jana profesa alimweleza kwamba ugonjwa ulianzia kushoto, na kwamba maneno ya watu wengi hukaa kushoto. Mama huyu alilishika neno hilo. Aliwaambia wanawe na jirani zake. Baba yenu hakuninunia, ni kushoto.

Profesa alikaa kwenye stuli na kueleza yote, chale, Wembe, ndoo, tanuru. Hakuficha na hakurembesha. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Kwa hiyo hujui ilianzia wapi," mjane alisema.

"Sijui, dada. Na sitajua tena."

Profesa aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Ilipoanzia sijui. Ilipofikia nilipaona kwa macho yangu, mimi ndiye niliyemkata. Ilikuwa imekwisha kula pande zote mbili. Palipokuwa na maneno hapakubaki kitu. Yule bwana hakununa, dada. Hakuwa na cha kununia."

Mjane alilivuta shuka lililokuwa kwenye sindano, akalinyoosha, akalinyoosha tena mahali pale pale.

"Mimi nilichotaka ni hicho," alisema mwishowe. "Kushoto na kulia ni vyenu."

Tulidhani yameisha. Profesa alikuwa ameshasimama aage, mjane akamwambia akae. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alisema amemsamehe profesa kwa kosa la chale, maana amekuja mwenyewe na amelisema mwenyewe. Lakini yeye hakumtoa mume wake akachomwe pamoja na mabandeji. Aliyeita watu taka si huyu aliyekaa hapa.

"Aje," alisema. "Huyo aliyeandika. Aje akae hapo hapo ulipokaa, aniambie kwa mdomo wake."

Njiani kurudi, profesa alisimama tulipofika getini, chini ya bango lile. Hapo akasema kwamba ana miezi michache kabla ya kustaafu, nyumba nane za kwenda na moja ya kurudi, na kwamba hataingia tena hata moja peke yake. Mwandishi alipompigia simu Mkuu wa Kitivo, ambaye saini yake ndiyo iliyoko kwenye agizo, alijibiwa kwamba Mkuu amesikitishwa sana na tukio hilo, ila ratiba yake imejaa vikao mpaka muhula ujao.

Tulimfikishia profesa jibu hilo asubuhi ya Jumatatu. Hakuwa ofisini, hakuwa maabara, na stoo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wake. Tulimkuta ghorofa ya pili, kwenye zulia, mbele ya mlango wenye kibao cha shaba. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, ubao wa mboga mapajani, anasahihisha mitihani. Katibu muhtasi alikuwa amemletea chai.

"Yumo ndani," alisema profesa, akigeuza ukurasa. "Atatoka. Vikao vyote viko nje."